Kujua Si Kuthibitisha

Nimeombwa nizungumzie uandishi wa kujificha, ule wa mwandishi kuvaa nguo zisizo zake na kuingia mahali asikotakiwa ili aufichue ufisadi wa serikali. Nitakaa zaidi na mtu mmoja, Anas Aremeyaw Anas wa Ghana. Lakini naomba nianze na utingo.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu kazini. Nilipewa lifti kwenye lori la mizigo, na usiku, tulipoegesha, utingo akanieleza jinsi mizani inavyopitwa. Dereva hashuki. Anayeshuka ni utingo, anakwenda dirishani na karatasi za gari, na katikati ya karatasi pana noti iliyokunjwa mara nne. Alinionyesha anavyoikunja. Akanitajia na bei: uzito ukizidi kidogo ni kiasi hiki, ukizidi sana ni kiasi kile, na siku ya sikukuu unaongeza. Niliporudi mjini niliandika usiku huohuo. Habari yangu ilikuwa na neno "inadaiwa" mara saba. Nilikuja kuyahesabu baadaye. Siku ya tatu ikaja barua: ushahidi uko wapi? Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na maneno ya utingo. Gazeti likaomba radhi. Na yule kijana, ambaye sikumtaja jina lakini nilitaja barabara, aina ya lori na rangi ya turubai, akafukuzwa na tajiri wake wiki ileile.

Kila mtu kwenye barabara ile alikuwa anajua. Mama wa mahindi ya kuchoma aliyekaa hatua ishirini kutoka kwenye mizani alikuwa anajua. Madereva wa mabasi, mafundi wa pancha, walimu wa shule ya jirani, wote walikuwa wanajua. Hebu sikilizeni lugha yetu inavyoiita rushwa: chai, kitu kidogo, mlungula, hongo, asante, ya soda, kuongea vizuri. Watu hawatungi majina mengi namna hii kwa kitu wasichokijua. Rushwa kwetu haina siri. Kinachokosekana ni ushahidi wake, na hapo katikati, kati ya kujua na kuthibitisha, ndipo mla rushwa anapojenga nyumba yake na kulala usingizi mzuri.

Kwa hiyo nilipoanza kufuatilia kazi za Anas, kilichonishika si ujasiri wake. Watu jasiri tunao. Kilichonishika ni jinsi alivyoliona lile pengo mapema, akaamua kulishughulikia maisha yake yote.

Alianza mwishoni mwa miaka ya 1990 akiwa kijana wa mafunzo ya vitendo katika gazeti la The Crusading Guide la jijini Accra, chini ya mhariri Kweku Baako. Habari yake ya kwanza kubwa ilihusu wachuuzi wa barabarani na polisi waliokuwa wakiwatoza fedha ili wawaache wafanye biashara mahali palipokatazwa. Mimi ningekwenda na daftari. Ningemhoji mchuuzi mmoja, wawili, watatu, kisha ningempigia simu msemaji wa polisi, naye angekanusha, nami ningeandika "inadaiwa". Anas alichukua karanga, akaingia barabarani, akauza. Alikaa na wachuuzi mpaka akawa mmoja wao, na polisi walipokuja kukusanya, walimkuta naye yumo.

Nimelitaja tena neno hili "inadaiwa" kwa sababu nadhani tunapaswa kulizungumza kwa uchungu. Neno lenyewe halina kosa. Sheria inalihitaji, na mtuhumiwa ana haki yake. Lakini sisi tumeligeuza kuwa pazia. Anas anajulikana duniani kwa kofia yenye nyuzi za shanga zinazoning'inia mbele na kuuficha uso wake wote. Anapanda jukwaani hivyo, anahojiwa hivyo. Anaficha uso, lakini habari yake anaileta wazi: huyu hapa, saa ngapi, alipokea nini, alisema nini. Wengi wetu tunafanya kinyume. Uso tunauweka juu ya makala, picha na jina kamili, kisha habari yenyewe tunaifunika na "inadaiwa" na "chanzo chetu kilichoomba kisitajwe".

Mwaka 2009 alilazwa katika Hospitali ya Magonjwa ya Akili ya Accra akijifanya mgonjwa, na kamera ameificha kwenye nguo. Wako waliotangulia njia hiyo. Mwaka 1887 binti mmoja wa Marekani, Nellie Bly, alijifanya mwendawazimu akakaa siku 10 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya wanawake kwenye kisiwa kimoja cha New York, akaliandikia gazeti la New York World. Lakini fikirini maana ya kitendo hicho leo. Mtu mwenye akili timamu anakubali kupewa dawa za mtu mgonjwa. Anas alikuwa amejipanga na madaktari wa nje, na bado dawa zilimlemea. Alichotoka nacho ni picha za wahudumu wakiwauzia wagonjwa dawa za kulevya ndani ya hospitali ya umma, na picha za wagonjwa waliotelekezwa. Mgonjwa wa akili ndiye shahidi anayekataliwa kwa wepesi kuliko wote. Akisema nimepigwa, wanamwambia amechanganyikiwa. Akisema nimeuziwa bangi na muuguzi, wanaongeza dozi. Kwa watu wa namna hiyo hakuna mwandishi wa daftari anayeweza kuwasaidia, maana hata akiwanukuu neno kwa neno nani ataamini? Ilibidi mtu mwingine aende akayaone kwa macho yake, akilala kwenye kitanda chao.

Ziko kazi nyingine nitazipita haraka. Alifuatilia kakao iliyokuwa ikivushwa kwa magendo kwenda Côte d'Ivoire huku askari wa mpakani wakipokea chao. Alikaa kwa miezi bandarini Tema, na mwaka 2011 picha za maofisa wa forodha wakila mapato ya taifa zikatoka. Rais John Atta Mills akaenda bandarini mwenyewe. Wanaoijua bandari ya Dar es Salaam au ya Mombasa hawahitaji kuelezwa kontena linavyogeuzwa jina kwenye karatasi. Nataka kufika kwenye mahakama.

Septemba 2015, katika ukumbi mkubwa wa mikutano wa Accra, watu walipanga foleni kuangalia filamu ambayo kazi yake ilichukua miaka miwili na karibu saa 500 za picha. Walioonekana ndani ni majaji na mahakimu 34, kati yao 12 wa Mahakama Kuu, pamoja na watumishi wa mahakama zaidi ya mia. Watu wa Anas walijifanya ndugu na marafiki wa watu wenye kesi. Walikwenda kwa karani, karani akawapeleka kwa mheshimiwa, na mheshimiwa akapokea. Fedha, ndiyo, lakini pia mbuzi, kondoo na viazi vikuu.

Hapa nawaomba mtulie kidogo na yule mbuzi. Mbuzi hafichiki. Halipitishwi jambo la mbuzi kwa kukunja mara nne. Mbuzi analia, anashushwa kwenye gari mchana, mlinzi anafungua geti, watoto wanachungulia, jirani anauliza kuna sherehe gani. Jaji anayepokea mbuzi ili amwachie mtuhumiwa wa ujambazi hana hofu hata kidogo kwamba ataonekana. Anaonekana kila siku. Anachojua ni kwamba kuonekana hakumdhuru, kwa sababu wanaomwona ni mlinzi, mtoto na jirani, na kesi yao wangeipeleka kwa nani kama si kwake yeye? Nikiulizwa ufisadi umekomaa lini katika nchi, jibu langu ni siku ile kiongozi anapoacha kuficha mbuzi.

Anas alisomea sheria pia, na elimu hiyo ilionekana hapa. Hakuitupa filamu hewani akasubiri kelele. Alipeleka maombi rasmi kwa mamlaka kwa utaratibu wa Katiba ya Ghana, akitaka waondolewe mmoja mmoja kwa ushahidi wa kila mmoja. Baadhi ya majaji wakamshitaki, wakataka filamu izuiwe. Desemba mwaka uleule, majaji na mahakimu 20 wa mahakama za chini wakafukuzwa kazi, na baadaye majaji kadhaa wa Mahakama Kuu nao wakaondolewa. Vijana, mkiitafuta siku ambayo lile pengo kati ya kujua na kuthibitisha lilizibwa katika Afrika yetu, siku hiyo ni mojawapo.

Sasa nije kwenye jambo gumu, maana nisingekuwa mkweli kwenu kama ningeliruka. Mwandishi anadanganya. Amejiita mgonjwa na si mgonjwa, amejiita ndugu na hana undugu. Je, anayedanganya ana haki gani ya kumshitaki mwenzake kwa udanganyifu? Na je, aliyetegwa ni mwizi, au amefanywa mwizi na aliyemtega?

Juni 2018, wiki moja kabla ya Kombe la Dunia, Anas alitoa filamu kuhusu rushwa katika soka. Kwesi Nyantakyi, rais wa chama cha soka cha Ghana na mjumbe wa Baraza la FIFA, alionekana katika hoteli huko Dubai akipokea dola 65,000 kutoka kwa mtu aliyedhani ni tajiri, fedha zilizoitwa za manunuzi, akazitia kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Alijiuzulu. FIFA ikamfungia maisha, adhabu ambayo mahakama ya usuluhishi wa michezo iliipunguza mwaka 2020 hadi miaka 15. Katika filamu hiyohiyo alikuwemo mwenzetu wa Afrika Mashariki, Aden Marwa wa Kenya, mwamuzi msaidizi aliyekuwa ameteuliwa kwenda Urusi. Alionekana akipokea dola 600. Hakwenda Urusi, na Shirikisho la Soka la Afrika likamfungia maisha.

Dola 600. Nilipoziona zile picha nilikaa kimya muda mrefu. Mtu amepanda ngazi miaka yote, amebakiza siku chache asimame kwenye uwanja ambao dunia nzima inautazama, anaangushwa na bahasha ambayo mwandishi mwenyewe ameileta. Moyo wangu ulimhurumia, na bado unamhurumia. Lakini niliyafikiria tena nikayaweka katika lugha ya wawindaji. Mtego hutegwa kwenye mapito ya mnyama. Mwindaji hamfukuzi paa kutoka msituni mpaka kwenye shimo alilochimba sebuleni kwake. Anasoma nyayo, anajua njia inayopitwa kila siku, anatega hapo. Bandari ya Tema ni mapito. Karani wa mahakama anayejua njia ya kwenda kwa mheshimiwa ni mapito. Na mwamuzi anayetembelewa na mgeni mwenye zawadi kabla ya mechi, kwa bahati mbaya sana, hayo nayo ni mapito ya soka la Afrika, yamekanyagwa hadi nyasi hazioti.

Hoteli ya Dubai inanipa shida zaidi. Chambo kikiwa kikubwa kuliko majaribu ambayo mtu yule angekutana nayo katika kazi yake ya kawaida, basi mwandishi ameacha kupima uaminifu wa mtu, anapima nguvu ya fedha zake mwenyewe. Kilichonifanya niikubali kazi ile ni maongezi yenyewe. Nyantakyi hakuishia kupokea. Alieleza namna udhamini wa ligi ungeweza kupitishwa kwenye kampuni ili fedha zibaki njiani. Mtu hawezi kukueleza njia asiyoijua. Wenzangu wengine hawakubaliani nami hapa, na nawaelewa. Machi 2023, jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Accra, akitupilia mbali kesi ya kashfa aliyoifungua Anas, alisema anachofanya mtu huyu si uandishi wa uchunguzi bali ni ugaidi. Naona jaji alikosea, na alikosea vibaya. Lakini kijana anayetaka kufanya kazi hii aisome hukumu ile yote, aijibu moyoni mwake hoja kwa hoja kabla hajaficha kamera yake ya kwanza.

Na kuna ugumu mwingine unaotoka kwenye shanga zenyewe. Ukumbini, filamu inatosha. Mahakamani, mtuhumiwa ana haki ya kumwona anayemtuhumu na kumhoji. Katika kesi ya Nyantakyi, mahakama ilimtaka Anas atoe ushahidi bila kujifunika. Uso uliofichwa ili ushahidi upatikane ukawa kikwazo cha ushahidi kutumika. Sina dawa ya jambo hili. Akiuonyesha uso, kazi yake imekwisha, na pengine uhai wake. Asipouonyesha, mwizi anapata mlango.

Kaulimbiu ya Anas ina mambo matatu: kuwataja, kuwaaibisha, kuwafunga. Wahenga wetu walisema uso umeumbwa na haya. Haya hukaa ndani ya mtu, na humzuia kabla hajatenda. Aibu hutoka nje, kwenye macho ya watu, baada ya tendo kujulikana. Jaji wa mbuzi haya zilikwisha kumtoka. Kilichobaki ni kumletea aibu, na aibu haiji kwa "inadaiwa". Inakuja mtu anapouona uso wake mwenyewe kwenye ukuta mkubwa, mbele ya maelfu, ukipokea.

Msidhani haya ni mambo ya Ghana peke yake. Mwaka 2008, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania kwa ajili ya viungo vyao, dada yetu Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri. Alikwenda kwa waganga kumi. Wawili kati yao walimwahidi dawa yenye viungo vya mtu mwenye ualbino, kwa bei ya kuanzia dola 2,000. Alikuwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili. Nyumba nyingi zilikuwa zinaijua sauti yake, na sauti haivishwi shanga. Alitishiwa maisha, ikambidi ajifiche. Nchi nzima ilikuwa inajua kuna waganga wa namna hiyo. Yeye alileta bei. Miaka mitatu baadaye Anas alikuja Tanzania, akashirikiana na mwandishi wetu Richard Mgamba. Walitumia mkono wa bandia uliotengenezwa ufanane na wa mtu mwenye ualbino, ili kuona ni mganga gani atakubali kuutengenezea dawa. Filamu ile ilionyeshwa na Al Jazeera, na ilizungumzwa sana. Naomba isisahaulike kwamba Vicky alitangulia, peke yake, bila kikosi.

Januari ya mwaka huohuo wa 2008, watu walivamia ofisi ya gazeti la MwanaHALISI hapa Dar es Salaam. Mwandishi Ndimara Tegambwage alikatwa kwa panga. Mwenzake, Saed Kubenea, alimwagiwa kemikali usoni, akapelekwa India kutibiwa macho. Usoni. Waliofanya vile walikuwa wanajua wanachokilenga.

Nami namalizia na Ahmed Hussein-Suale. Alikuwa mmoja wa watu wa Anas katika kampuni yao ya Tiger Eye, na aliifanyia kazi ile filamu ya soka. Katikati ya mwaka 2018, mbunge Kennedy Agyapong aliitoa picha ya Ahmed kwenye televisheni aliyoimiliki, akasema akionekana apigwe, naye atalipa. Tarehe 16 Januari 2019, usiku, Ahmed akiwa anaendesha gari kurudi nyumbani mtaa wa Madina, Accra, watu wawili waliokuwa na pikipiki walimpiga risasi tatu, akafa. Mbunge alikana kuhusika na mauaji. Miaka sita baadaye hakuna aliyekuwa ametiwa hatiani. Machi 2025, katika kesi nyingine iliyofunguliwa New Jersey nchini Marekani, baraza la wananchi mahakamani liliona kwamba Anas alikashifiwa na Agyapong. Anas bado anatembea na shanga zake. Ahmed naye alikuwa na kazi ya kutojulikana, na alijulikana kwa sababu mtu mmoja aliwaonyesha watu picha.

Kila nikiisoma habari ya Ahmed namkumbuka yule utingo. Yeye alipoteza kazi tu, yuko hai, ana watoto. Nilimtafuta miaka mingi baadaye nikamwomba radhi, akaipokea kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Sikuwa nimemtaja jina, wala sikuwa nimetoa picha yake. Nilitaja rangi ya turubai.